Simu ya Mstari wa Tatu

Chuoni pale hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Rejista, kwa walimu, kwa wanafunzi na kwa Mkuu wa chuo mwenyewe. Siku moja mumewe alimletea mwavuli akamuulizia getini kwa jina lake halisi, na mlinzi akamjibu kwa adabu kwamba mtu huyo hajawahi kufanya kazi hapo.

Kazi yake ilikuwa kitabu kikubwa cha mahudhurio. Kila asubuhi walimu walimletea karatasi zao, naye akahamishia kitabuni majina ya wasiofika, siku moja mstari mmoja mwekundu. Mistari ikifika mitatu mfululizo, sheria ilisema uvute droo, utoe kadi ya mwanafunzi, upige simu nyumbani. Mama Rejista aliipenda sheria hiyo. Mwaka uliopita ndiyo iliyomwokoa kijana wa useremala aliyekuwa amelala chumba cha kupanga na homa kali, hana hata wa kumsogezea maji. Nyumbani kwao walifika wakamkuta hajitambui. Tangu hapo kila alipopiga simu, wakati bado inaita, alinong'ona, "Mungu wangu, nitangulie," halafu ndipo aseme halo.

Jumanne hiyo mstari wa tatu ulimwangukia Sindano.

Sindano alikuwa binti wa miaka kumi na saba, mwanafunzi wa ushonaji, mwembamba hadi wenzake wakampa jina hilo. Mwenyewe hakulichukia. "Afadhali sindano," alisema, "ningekuwa cherehani ningebebwa na watu wanne." Mama Rejista alimjua vizuri kuliko wanafunzi wote, maana jioni walikaa benchi moja darasa la hesabu. Mmoja alikuwa akirudia mtihani. Mwingine ndiyo kwanza alikuwa akiufikia, akiwa na miaka hamsini na miwili, baada ya kuanza kusoma na kuandika akiwa na arobaini, enzi akifagia ofisi ile ile anayoikalia sasa. Alikuwa amekwama kwenye asilimia. Sindano alitoa utepe wake wa kupimia nguo, akamwekea mezani.

"Usiogope, Bibi. Tuseme huu wote ni mia. Kunja mara mbili. Umepata vipande vingapi?"

"Vinne."

"Basi kimoja ni ishirini na tano. Umemaliza, nenda kalale."

"Na nani kakwambia mimi bibi yako?"

"Nilikuomba uwe, hukukataa."

Jioni mbili sasa benchi lilikuwa na mtu mmoja. Kwa hiyo Jumanne ile Mama Rejista hakungoja amalize chai. Alimuuliza matroni wa bweni, akaambiwa binti anashinda chumbani, chakula anakirudisha. Akavuta droo. Kwenye kadi, mahali pa mlezi, paliandikwa baba mdogo, na namba yake chini. Akapiga, na ilipokuwa inaita akanong'ona maneno yake.

Sauti iliyopokea ilikuwa laini, ya mtu asiye na haraka. Akajieleza: anapiga kutoka chuoni, mtoto wao hajaingia darasani siku tatu, wana wasiwasi naye.

"Mungu akubariki, mama," ile sauti ikasema. "Tunamtafuta huyu mtoto mwezi wa pili sasa."

Mkono wake ukasimama juu ya kitabu. Lakini ulimi ulikuwa umeshatangulia. "Mbona yuko hapa bwenini?"

"Bweni lipi, mama yangu?"

"La wasichana. Lile la nyuma."

"Nashukuru sana. Wala siko mbali, nakuja."

Simu ikakatika kabla hajasema siku njema. Akabaki ameishika. Mwezi wa pili, alisema. Mzazi gani huyo asiyejua mtoto wake analala wapi miezi miwili, naye ndiye aliyemwandikisha chuo?

Akainuka, akavuka ukumbi mpaka kwa mshauri wa wanafunzi. Mshauri alikuwa mwanamke mdogo, rika la mwanawe wa pili, amerudi asubuhi hiyo kutoka semina ya siku mbili, mkoba hajaufungua. Nyuma yake kulikuwa na kabati la chuma lenye kufuli mbili.

"Mwanangu, nimempigia simu mlezi wa Sindano, na sikupenda alivyojibu."

Mshauri aliinua uso polepole. "Umempigia nani?"

"Baba yake mdogo. Ndiye aliye kwenye kadi."

Mshauri aliziba mdomo kwa kiganja. Alipoanza kusema, alisema chini chini, kama mtu anayesomea mwenzake barua ya msiba. Kadi ile aliijaza baba mdogo mwenyewe siku ya kwanza. Likizo ilipofika alimwambia binti kwamba masomo basi, kuna rafiki yake, mtu mzima mwenye wajukuu, anamwoa. Binti alikataa. Baba mdogo akamfungia stoo siku kumi na moja. Alitoka kwa kupita dirishani, usiku, na begi la kushonea tu, akaja moja kwa moja chuoni; baba mdogo alipotuma mtu kumuulizia getini kwa jina lake halisi, mlinzi akajibu hamjui. Alhamisi iliyopita alimwona dereva wa baba mdogo karibu na soko, na tangu hapo hatoki chumbani.

"Yote yamo humu," alisema, akagusa kabati. "Nililifunga ili asijue hata mtu mmoja."

"Hata mimi."

"Hata wewe, mama. Ndivyo tulivyofundishwa."

Mama Rejista alilitazama kabati lile, kisha akaitazama mikono yake. Siri ilifungwa huku, kadi ikaachwa kule, na yeye akapita katikati kwa moyo mweupe akafanya kazi yake barabara.

"Nimemwambia bweni," alisema.

Mshauri hakumgombeza. Ingekuwa afadhali angemgombeza. Alikuwa ameshainuka, anatafuta funguo za pikipiki. Ofisi ya ustawi wa jamii ilikuwa na barua inayomweka binti chini ya ulinzi wao mpaka shauri lisikilizwe. Ilikuwa tayari tangu wiki jana, imebaki sahihi tu. Simu yao haipokelewi. "Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Mtoe bwenini, mlete huku mbele. Akifika huyo mtu kabla yangu, asipewe. Mkuu ataona haya kumkatalia mzazi, unamjua. Mama, unanielewa?"

"Nenda," alisema Mama Rejista.

Sindano alikuwa amekaa sakafuni, kati ya kitanda na ukuta, anashona kwa mkono pindo la kitambaa. Ilionekana amelishona na kulifumua mara nyingi, maana ukingo ulikuwa umejaa vitundu.

"Bibi. Umekuja kunidai hesabu?"

"Nimekuja kukwambia nilichokifanya." Akamwambia. Hakuweka "lakini" hata moja, ingawa zilimjaa kinywani.

Sindano mkononi mwake ilisimama katikati ya kitambaa. "Ulimwambia bweni?"

"Nilimwambia."

"Ningemdhania yeyote," alisema binti. "Matroni, ningemdhania. Mwalimu. Wewe, Bibi, sikukudhania."

Akaanza kusukumia vitu begini: mkasi, nyuzi, utepe, kanga moja. Mama Rejista aliona macho yake yalivyokwenda dirishani, kwenye ukuta wa nyuma wa chuo.

"Ukiruka ukuta ule uko barabarani," alisema, "na barabarani ndiko anakotokea."

"Na humu ndani kuna nini?"

"Kuna mimi."

"Hata asubuhi ulikuwepo."

Mama Rejista alisema tu, "Kweli. Twende, mama, muda hatuna." Na binti, labda kwa sababu kweli hakukuwa na mahali pengine, akamfuata.

Nyuma ya meza ya rejista kulikuwa na chumba kidogo cha kuwekea karatasi na vitabu vya miaka iliyopita. Mlango wake ulikuwa mmoja, na hakuna wa kuufikia bila kupita kwenye meza. Mama Rejista aliufungua. Sindano akaganda kizingitini. Aliangalia rafu, akaangalia juu, akaangalia pande zote.

"Hakina dirisha."

"Hakina."

"Ni stoo, Bibi. Sifungiwi stoo tena. Bora anichukue."

Mama Rejista alikuwa na shada la funguo kwenye kamba, lililokuwa halijamtoka kiunoni miaka tisa, hata msibani alikwenda nalo. Akahangaika na kucha mpaka akautoa ufunguo mmoja, akaushika mbele ya binti.

"Hakufungii mtu. Utafunga wewe, utafungua wewe. Wa pili ulipotea zamani, nilisemwa mwaka mzima kwa ajili yake. Mwingine hakuna."

Sindano aliuchukua bila kumtazama. Kitasa kikalia kutoka ndani.

Mama Rejista akavuta kiti chake, akakiegemeza mlangoni, akaketi. Alitaka kusali, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi maneno hayakuja. Lilikuja moja tu, nimekosa, likarudi tena na tena. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro. Akawaza atakachoulizwa. Kusema "hayupo" ni neno dogo tu, halimalizi hata pumzi. Lakini yeye siku aliyojifunza kuandika jina lake alimwahidi Mungu kwamba mkono huo na kinywa hicho havitasema uongo, na ahadi hiyo alikuwa ameishika hata ilipomgombanisha na mawifi.

Simu ya ndani ikalia. Alikuwa mlinzi wa getini, waliyemwita Kamanda ingawa hakuwahi kuvaa cheo chochote.

"Mama Rejista, kuna mgeni wako. Anasema ulimwita."

"Mwambie aandike kitabuni. Tena aandike vizuri, asome na masharti yote."

"Ameshaandika. Mwandiko mzuri, wangu haufui dafu."

"Wako haufui dafu hata kwa kuku, Kamanda. Mzuie kidogo."

"Nimzuie vipi? Amekutana na Mkuu hapa hapa, wamekwenda wote bwenini."

Akaiweka simu. Nyuma yake, chumbani, hakukusikika hata karatasi.

Walipoingia, Mkuu alikuwa mbele, amekunja uso kama mtu aliyevaa kiatu kinachombana. Alikuwa mtu mwema, asiyependa kelele. Nyuma yake alikuja mwanamume wa makamo, shati limenyooka, kofia mkononi. Alimwamkia Mama Rejista shikamoo ingawa walikuwa rika moja, na Mama Rejista akaitikia kabla hajajizuia.

"Mama Rejista," Mkuu alisema, "huyu ni mzazi. Naambiwa mlizungumza."

"Tulizungumza."

"Tumetoka bwenini," baba mdogo alisema kwa ile sauti laini. "Hayupo. Kitambaa cha kushona kimebaki sakafuni." Akatabasamu kwa huzuni. "Mama, mimi sikuja kwa shari. Nyumba nzima haili, bibi yake analia. Wewe ni mtu wa sala, nilikusikia. Nilipopokea simu ulikuwa unasema Mungu wangu nitangulie, hata kabla ya halo. Nikajua huyu hawezi kunificha."

Mama Rejista alidhani maneno yale hayasikiwi na mtu.

"Mtu wa sala hasemi uongo," mgeni akaendelea. "Nakuuliza mbele ya Mkuu wako. Unajua mtoto wangu aliko?"

Mkuu alimtazama. Ukumbini mtu alikuwa anaburuta meza, kisha akaacha.

"Ninajua," alisema Mama Rejista.

Mkuu akashusha pumzi. Mgeni akaivaa kofia yake, kana kwamba mambo yamekwisha.

"Na sitakwambia."

Tabasamu halikuondoka, lilibaki pale pale bila kazi. "Mimi ndiye mlezi wake. Kadi yako wewe mwenyewe inasema hivyo."

"Inasema. Ndiyo iliyonikosesha."

"Mama," Mkuu akaingilia, "tusifike huko. Mzazi ni mzazi. Kama kuna tatizo, tutakaa, tutazungumza, lakini mtoto wa watu hatuwezi..."

"Mkuu, nakuheshimu. Nimefagia ofisi hii kabla hujaja, na ukitaka kesho nirudi kwenye ufagio, nitarudi bila kinyongo. Mshauri yuko njiani na barua ya ustawi wa jamii. Nakuomba tumngoje. Ni hilo tu."

Lakini mgeni hakuwa anasikiliza. Alikuwa anakitazama kile kiti, kilivyoegemezwa mlangoni badala ya mezani. Akazunguka meza. Mama Rejista hakuinuka. Yule mtu akainama juu ya kichwa chake, akausemesha mlango kwa upole kabisa.

"Mwanangu. Toka twende nyumbani. Hakuna aliyekasirika."

Akanyoosha mkono, akakamata kitasa, akakizungusha. Hakikuzunguka.

"Fungua, mama."

"Ufunguo sina."

Akacheka. "Mtu wa sala."

"Sina. Huu hapa mfuko, hizi hapa funguo zote, pekua."

"Basi uko wapi?" Mkuu aliuliza, naye sasa sauti imempanda.

"Anao mwenyewe aliye ndani. Hakufungwa na mtu."

Mgeni akaupiga mlango kwa kiganja, pigo moja lililotikisa kadi mezani, na ile sauti laini ikamtoka yote.

"Wewe mtoto, unanitia aibu mbele ya watu. Stoo ya nyumbani ilikuwa na dirisha, ukapata pa kutokea. Hii haina. Tuone utakaa humo siku ngapi."

Mkuu alikuwa amekunja mikono, akaikunjua.

"Stoo ya nyumbani?" alisema.

"Ni maneno tu, mheshimiwa. Mtu akiwa na hasira..."

"Siku kumi na moja, Mkuu." Sauti ilitoka nyuma ya mlango, chini, karibu na sakafu. Bila shaka alikuwa amekaa. "Nilihesabu kwa mafundo ya uzi. Ninao bado."

Mkuu alikwenda mpaka kwenye mlango wa ofisi, akaufungua wote. Alikuwa mtu asiyependa kelele, na hata hapo hakupiga kelele. "Mzee," alisema, "utangojea nje. Hapa ndani huna kazi tena mpaka barua ifike."

Ilifika robo saa baadaye, mikononi mwa mshauri, na afisa wa ustawi amekaa nyuma ya pikipiki, ameshikilia kofia ya chuma kwa mikono miwili. Baba mdogo aliisoma akiwa amesimama uani. Aliikunja vizuri, akamrudishia afisa, akamtazama Mama Rejista aliyekuwa dirishani. "Asante kwa simu, mama," alisema. Kamanda alimsindikiza mpaka nje ya geti na akasimama hapo mpaka gari lilipopotea.

Chumba hakikufunguka. Mshauri alitaka kubisha, Mama Rejista akamzuia kwa mkono. Akarudi kwenye kiti chake, mgongo mlangoni.

"Wameondoka," alisema. "Sikwambii utoke."

Kengele ya chakula ililia, wanafunzi wakapita dirishani wakicheka, wakarudi madarasani. Ndipo kitasa kikalia. Sindano alitoka na begi begani, macho mekundu lakini makavu. Hakumkumbatia mtu. Ufunguo alikuwa ameutia uzi na kuuvaa shingoni.

"Nipe kadi yangu," alisema.

Mama Rejista akampa. Binti alichomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake, yenye uzi mweupe mrefu, akaipitisha kwenye karatasi ngumu ya kadi juu ya ile namba ya simu, ikatoka upande wa pili, ikarudi. Mishono mitatu mikubwa, iliyolegea.

"Hii ni bandi," alisema, bado ameinama. "Kitambaa ambacho hujamaliza kukipima unakipiga bandi, ili mtu asikikate. Ukiona uzi kwenye kadi, usipige simu. Nenda kamuulize mshauri kwanza."

"Bila kujua sababu?"

"Bila kujua sababu. Sababu si yako."

"Sawa," alisema Mama Rejista.

Alasiri ile mshauri alitoa kadi zote mia tatu na kumi, na pamoja wakazipitia, yeye peke yake akiangalia kabatini na Mama Rejista akishona alipoonyeshwa. Zilikuwa kadi saba. Saba, na mwaka mzima amekuwa akizipitia kwa kidole bila kujua. Kila aliyoishona aliiombea, bila kujua shida ya mwenye kadi.

Kisha ikabaki taarifa. Mshauri, kwa huruma, alikuwa amemwandikia rasimu: simu ilipigwa kwa mlezi kwa kufuata utaratibu. Mama Rejista aliisoma mara mbili, maana alisoma polepole. Akakata mstari ule. Juu yake akaandika kwa mwandiko wake wa duara duara, "Simu nilipiga mimi, na bweni nililitaja mimi." Akatia sahihi. Maneno ya sala yakamrudia pale pale, kalamu ikiwa mkononi.

Alhamisi jioni Sindano alikuja darasani. Hakukaa benchi lao. Alikwenda mbele, safu ya pili, karibu na mlango ulioachwa wazi, na ufunguo ulionekana chini ya ukosi wake. Mama Rejista hakuuomba. Hakumwita. Alifungua daftari lake akajiweka sawa, benchi zima peke yake.

Mwalimu alimwita ubaoni. Asilimia sabini na tano ya mia mbili. Akashika chaki. Namba zikaanza kumkimbia kama kawaida yao, na nyuma yake wanafunzi walianza kuhamahama kwenye viti.

"Kunja mara mbili, Bibi," sauti ilisema kutoka safu ya pili.

Mama Rejista aligeuka. Binti hakuwa amemtazama. Alikuwa ameinamia daftari lake, anaandika.

Akageukia ubao, akakunja.